Naomba ushauri: waigizaji ndio hao hao wa chemsha bongo

Habari zenu wakuu. Shule yetu ya kisiwani ina wanafunzi wachache, hivyo waigizaji 9 wa mchezo wa dakika 40 ndio hao hao wa timu ya chemsha bongo. Ratiba zikigongana, kinachoumia kwanza ni mazoezi ya jukwaani: maneno mtu atayakariri nyumbani, lakini kuingia, kutoka na kupishana hakufanyiki peke yako. Nafikiria kila mhusika mkuu awe na mbadala anayejua hadi mahali pa kusimama. Upepo wa bahari nao unameza sauti kwenye ukumbi wa wazi, hasa mwisho wa sentensi. Mnaofundisha, mazoezi ya chemsha bongo ya kujibu kwa kengele mnayaweka kabla ya mazoezi ya jukwaani au baada? Na boti ikiahirishwa siku ya mashindano, mnajipangaje?