Nataka kununua Volvo Amazon ya 1967 hapa Göteborg, naombeni ushauri wenu

MtotoWaMlandizi:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni Mtanzania, huu ni mwaka wa 14 niko Göteborg, naendesha basi. Kuna mzee wa Kiswidi jirani yangu anauza Volvo Amazon, milango minne, rangi ya kijivu, injini B18. Aliinunua ikiwa mpya Aprili 1967. Anataka krona 85,000. Ilikuwa imelala bandani miaka kadhaa, lakini aliiwasha mbele yangu: akavuta choki, ikakohoa, mara ya pili ikashika. Nikakaa kwenye usukani, kushoto, nikatazama ile spidi yake isiyo na mshale, ni utepe mwekundu unaotambaa kwenye mstari. Nikafunga mlango. Ule mlio, ndugu zangu, ni mzito kama wa sanduku la bibi. Wiki nzima sina usingizi.

Je, gari la umri huu linamfaa mtu wa mshahara wa kawaida, au najitafutia presha?

FundiSpana:
Mkuu, B18 usiiogope. Nimezifungua nyingi. Haina mkanda wa taimingi, inatumia gia, ila gia ya kamishafti (ule mhimili unaofungua vali za injini) ni ya faiba na ikizeeka meno yanakatika bila kukuaga. Muulize mzee kama iliwahi kubadilishwa. Kama hajui, weka ya chuma. Halafu mafuta: tangu Agosti 2021 petroli ya 95 huko kwenu ina ethanoli hadi asilimia 10, inalainisha mipira ya zamani mpaka inavuja juu ya injini ya moto. Badilisha mipira yote, jaza ya 98.

Adui wa Amazon ni kutu. Chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa baridi ndiyo imeyamaliza haya magari. Chukua sumaku ndogo, ifunge kitambaa isikwaruze rangi, pitisha chini ya milango, nyuma ya magurudumu ya mbele na kuzunguka taa. Sumaku ikikataa kushika, ujue hapo hakuna bati, ni fila na rangi. Kisha nyanyua kapeti.

DamuYaSaab:
Mkuu, achana na Amazon, chukua Saab 900 ile ya zamani. Mimi niko Trollhättan zilikotengenezwa. Unaingiza funguo katikati ya viti, kioo cha mbele kimejikunja kama cha ndege, turbo ikiamka unasahau shida zote. Kampuni ilifilisika Desemba 2011. Siku ile jirani yangu mtu mzima alikaa ndani ya gari lake uani mpaka usiku. Nilimpelekea chai. Mpaka leo tunasafiri wote kwenye mikusanyiko ya Saab kila kiangazi.

MzeeWaNakuru:
Vijana, hamjui Volvo nyinyi. Mwaka wa 1965 Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda Safari Rally na PV544, ile mgongo wa kobe, mama yake hiyo Amazon. Baba alikuwa akinibeba mabegani kuwatazama wakipita, matope hadi kwenye paa. Tulirudi nyumbani tukachonga Volvo za mbao. Kijana nunua, usiulize watu sana.

DadaWaTegeta:
Samahani kaka, mimi si mtu wa magari. Naona watu wanakushauri kuhusu sumaku na gia, hakuna anayekuuliza hela. Krona 85,000 ni zako? Una mke, watoto? Na hilo gari lina usalama gani ukiwabeba?

FundiSpana:
Dada, la usalama lina pande mbili. Mkanda wa pointi tatu tunaoufunga wote leo, Volvo ndio walianza kuuweka kwenye Amazon na PV544 mwaka 1959. Aliubuni Nils Bohlin, na kampuni ikaruhusu watengenezaji wengine wautumie bure. Ila mfuko wa hewa hakuna, na breki za nyuma ni za ngoma. Inataka dereva anayeacha nafasi mbele yake. Huyu ni dereva wa basi, ataweza.

MtotoWaMlandizi:
Asante fundi. Dada, nina mke na watoto wawili, mke hana neno. Hela ipo.

DadaWaTegeta:
Sikuuliza kama ipo. Nimeuliza kama ni yako.

Mpekuzi_Mkuu:
Wakuu, mnapoteza muda, hii ni chai. Uswidi waliendesha kushoto kama sisi mpaka tarehe 3 Septemba 1967, ndipo wakahamia kulia. Huyu anasema gari limenunuliwa Aprili 1967 na usukani uko kushoto. Vipi? Ameokota picha mtandaoni akatutungia na "sanduku la bibi". Uzi ufungwe.

MzeeWaNakuru:
Aisee! Na mimi nimeshamwaga machozi hapa.

DamuYaSaab:
Mpekuzi, nusu ya habari yako ni sahihi. Waliendesha kushoto, lakini karibu magari yote ya Kiswidi yalikuwa na usukani kushoto hivyo hivyo. Dereva alikaa upande wa ukingo wa barabara, akitaka kulipita lori hakuoni kunakotoka gari la mbele. Hiyo ni moja ya sababu za kuhama, ingawa kwenye kura ya maoni ya 1955 wananchi waliokataa walikuwa asilimia 83. Gari la Aprili 1967 lenye usukani kushoto ndilo la kweli. Lingekuwa na usukani kulia ndipo ningeshtuka.

Mpekuzi_Mkuu:
Basi gari nimelikubali. Mwenye gari bado. Mbona swali la dada analikimbia?

MtotoWaMlandizi:
Sikimbii, nilikuwa kazini. Naandika yote.

Baba yangu alikuwa dereva pale Kibaha, kwenye mradi wa nchi za Nordic, kabla haujakabidhiwa kwa Serikali 1970. Alikuwa akiwaendesha walimu wa Kiswidi kwenye Amazon. Alisema ya Kibaha usukani ulikuwa kulia. Nina picha moja, ameegemea boneti, shati jeupe, kitambaa cha kufutia vumbi kimening'inia mfukoni. Alifariki 2009, kabla sijaja huku. Nilipofunga ule mlango nilisikia kitu alichokuwa akituigizia kwa mdomo tulipokuwa wadogo: "dumu!"

Hela: krona 50,000 ni zangu. 35,000 zilizobaki ni za bati na mbao za nyumba ya mama Mlandizi, tulichanga na dada zangu wawili, mimi ndiye mtunzaji. Na mzee nimeshampa 20,000 za kulishikilia. Nitazirudisha kabla ya masika, nafanya zamu za ziada. Mama mwenyewe hajalalamika.

DadaWaTegeta:
Kaka yangu, mama hawezi kulalamika, hajui. Dada zako wanajua?

MtotoWaMlandizi:
Hapana. Lakini zile 20,000 zimetoka kwenye zangu, naomba hilo lieleweke. Za bati sijagusa hata moja.

FundiSpana:
Mkuu pole na mzee. Sasa nikuambie kama fundi: kama hujainua kapeti, hujui bei ya gari hilo. Sakafu ikiwa imeoza, kuchomelea tu kutakula zaidi ya hiyo hela ya bati, na hutairudisha masika wala vuli. Usimalize malipo kabla hujaona chini.

DamuYaSaab:
Jumamosi nakuja Göteborg kwa treni. Nitumie ujumbe, tukalitazame wote. Sumaku ninayo.

*(Baada ya siku tano)*

MtotoWaMlandizi:
Wakuu, mrejesho. Tulienda na DamuYaSaab. Sumaku ilishika kila mahali isipokuwa chini ya mlango wa dereva; pale ilidondoka chini. Tukanyanyua kapeti: upande wa abiria bati ni kavu, rangi ya kiwandani bado ipo. Upande wa dereva nilibonyeza kwa kidole gumba, kikazama. Mzee mwenyewe aliinama akatazama, akanyamaza kidogo, akasema hakuwahi kunyanyua lile kapeti. Amepunguza hadi 68,000.

Usiku nikampigia dada mkubwa, nikamweleza kila kitu, na ile picha nikamtumia. Alinisema sana. Alipomaliza akauliza kama mlango wake unalia "dumu" kweli. Hela ya bati nimeituma yote jana, fundi wa paa anaanza wiki ijayo. Mzee amekubali kunisubiri hadi Mei nijazie 48,000 kutoka kwenye zangu.

FundiSpana:
Vizuri. Kabla ya Mei piga picha za chini yote, hasa pale kidole kilipozama, na uniambie kama kutu imefika kwenye boriti ya kando au ni sakafu peke yake. Na ile gia ya faiba ulimuuliza?

MtotoWaMlandizi:
Nilimuuliza. Risiti anayo, ya 1991, ya chuma.