Mwenzako kazini anaharibu databesi bila kujua: tupeane uzoefu

#1
Wakuu, tupeane uzoefu wa kufanya kazi na mtu asiyejua databesi ila ana ruhusa ya kuandika kila mahali. Kinachokera ni kwamba kwiri zake (amri za SQL anazotuma kwa databesi) zinafanya kazi siku anapozijaribu. Jedwali la majaribio lina mistari 50, jibu linakuja papo hapo, anapeleka. Balaa linaanza mistari ikifika milioni. Tutaje makosa yenyewe na dawa yake, tusisengenye watu.

#2
Kwangu linaloongoza ni DISTINCT (neno linaloondoa mistari inayojirudia) ya kufichia uchafu. Mtu anaunganisha oda na malipo. Oda yenye malipo 3 inajitokeza mara 3. Badala ya kujiuliza kwa nini, anabandika SELECT DISTINCT na orodha inaonekana safi. Kesho mwingine anachukua muunganisho uleule anaweka SUM(kiasi): oda ya 10,000 inasomeka 30,000. Akijaribu SUM(DISTINCT kiasi) ndiyo anaharibu zaidi, maana oda mbili tofauti zenye kiasi sawa zinahesabiwa moja. Malipo yajumlishwe kwanza kwenye kwiri ndogo kwa GROUP BY oda_id (jumla moja kwa kila oda), ndipo yaunganishwe na oda. Ukikuta DISTINCT kwenye mapitio, muulize aliyeiandika marudio yanatoka wapi. Akikosa jibu, mrudishie.

#3
Naongezea NOT IN. Ukitafuta wateja wasio na oda kwa kuandika WHERE id NOT IN (SELECT mteja_id FROM oda), oda moja tu ikiwa na mteja_id NULL, unapata jibu tupu bila onyo lolote. NULL ni thamani isiyojulikana, hivyo databesi haiwezi kuthibitisha kwamba id fulani haimo. Tumia NOT EXISTS, inayoangalia tu kama kuna mstari unaolingana.

Ndugu yake ni LEFT JOIN (muunganisho unaobakiza oda zote, hata zisizo na malipo) inayofuatwa na WHERE malipo.hali = 'imelipwa'. Oda zisizo na malipo zote zinatoweka. Sharti hilo lihamie kwenye ON, sehemu ya masharti ya kuunganisha.

#4
Pesa kwenye FLOAT, aina ya namba inayokadiria desimali! Hata kwa DOUBLE, yenye usahihi zaidi, 0.1 + 0.2 inatoa 0.30000000000000004. Weka DECIMAL(12,2), inayotunza desimali kamili. Na namba ya simu iwe maandishi, la sivyo sifuri ya mwanzo inapotea.

#5
Kwa upande wa kasi, WHERE YEAR(tarehe) = 2024. Atakuapia kwamba indeksi (orodha iliyopangwa ya kutafutia haraka) ipo. Ipo kweli, ila imepangwa kwa tarehe, si kwa matokeo ya YEAR(). Iwe tarehe >= '2024-01-01' AND tarehe < '2025-01-01'. BETWEEN inayoishia '2024-12-31' haifai kama safu ina saa, kwa sababu karibu siku nzima ya mwisho inaachwa nje.

Mdai EXPLAIN (amri inayoonyesha databesi itakavyotekeleza kwiri) kwa kila kwiri mpya. Kwenye MySQL tafuta type: ALL, kwenye PostgreSQL tafuta Seq Scan; zote zinamaanisha jedwali linasomwa lote. Lakini apime kwa data ya ukubwa halisi; jedwali likiwa dogo, PostgreSQL inalisoma lote hata indeksi ikiwepo, na utabishana naye bure.

#6
UPDATE iliyosahau WHERE inabadilisha mistari yote: utaratibu uwe BEGIN (kuanzisha mabadiliko yanayoweza kurudishwa), kisha SELECT COUNT(*) kwa sharti lilelile, kisha UPDATE. Idadi zikilingana, COMMIT (thibitisha), zikitofautiana, ROLLBACK (rudisha yalivyokuwa). Asiinuke kitini BEGIN ikiwa wazi, anafungia wengine mistari. Na kwenye MySQL asichanganye ALTER TABLE (kubadilisha muundo wa jedwali) humo, kwani inathibitisha kila kitu kilichotangulia na ROLLBACK haitarudisha kitu.

#7
Mkuu #1, tatizo lako la kwanza ni hiyo ruhusa. Kwenye databesi ya kazi apewe SELECT tu. Mabadiliko yaje kama faili kwenye Git (mfumo wa kutunza historia ya mabadiliko ya faili), yapitiwe na mtu mwingine. Tena usimrekebishie kimyakimya. Mpe mistari miwili mitatu ya data inayoiangusha kwiri yake, aone kwa macho yake.

#1
Na kama anayekosea ndiye kiongozi wa timu, nani atamnyang'anya ruhusa?

#7
Hapo walinzi wawe ndani ya jedwali lenyewe: NOT NULL (isiwe tupu), UNIQUE (isijirudie), FOREIGN KEY (irejee mstari uliopo kwenye jedwali jingine), CHECK (itimize sharti). Hazijali cheo. Angalia tu toleo: MySQL kabla ya 8.0.16 ilikuwa inapokea CHECK bila kulalamika, kisha inaipuuza.