Nikikanyaga breki dashibodi inawaka, naomba ushauri

Wakuu, habari za leo. Jumamosi nilibadilisha balbu ya taa ya nyuma kushoto. Ya zamani ilikuwa ya nyuzi mbili, wati 21 za breki na wati 5 za taa ndogo. Dukani nikapewa ya LED, "inaingia hiyo hiyo bosi". Iliingia, ila niliilazimisha kidogo. Tangu hapo, nikikanyaga breki huku taa zimezimwa, mwanga wa dashibodi na taa ndogo za mbele vinawaka! Nikiachia, vinazima.

Fundi umeme anataka 80,000 apime kontroli boksi, kile kisanduku kinachoongoza umeme wa gari. Mimi nimeichomoa hiyo balbu ya LED nikaona kitako chake kina nundu moja pana, wakati soketi ina pini mbili. Si ndiyo inaunganisha umeme wa breki na wa taa ndogo? Ninunue ya nyuzi mbili kwanza, au kuna kitu kimeshaungua?