Dhana zilizofichika ndani ya sera: zinaibuliwaje kabla haijapitishwa?

Wakuu, rasimu ya sera ya kazini inataka faini kwa wanaochelewa. Takwimu zipo, malengo yapo, ila kuna jambo limechukuliwa kuwa kweli bila kuandikwa. Nianzie wapi?

Jibu 1
Andika upya kila kifungu hivi: "Tukifanya A, watu watafanya B, kwa sababu C." C ndiyo dhana. Rasimu nyingi zina A na B tu. Kisha uliza: nini kitaonyesha kwamba C si kweli, na baada ya muda gani? Chagua tatu nzito. Zikiwa ishirini hakuna atakayezifuatilia.

Jibu 2
Kuhusu faini, tazama Haifa, Israeli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulifuatilia vituo vya kulelea watoto vilivyoanza kutoza wazazi wanaochelewa kuwachukua. Uchelewaji uliongezeka, na faini ilipofutwa haukushuka. Dhana ilikuwa kwamba watu huchelewa kwa sababu ni bure. Ufafanuzi wa watafiti: faini iligeuka bei, mzazi akahisi amelipia muda wa mlezi.

Muuliza swali
Na wakubwa wakisema "hilo linajulikana"?

Jibu 3
Hapo ndipo pa kuchimba. Ilidhaniwa asiyejiunga na akiba ya pensheni haitaki. Uingereza, kuanzia 2012, waajiri wakaanza kuandikisha wafanyakazi moja kwa moja, asiyetaka ajitoe. Wengi walibaki. Waombe wakubwa idara moja ya majaribio, nyingine iendelee kama zamani, na pimeni uchelewaji wa zote mbili kabla na baada.