Naomba ushauri: nizungukie shule sita za umma na tarumbeta yangu, au nibaki shule moja mwaka mzima?

Mpuliza_Tarumbeta

Wakuu, heshima kwenu.

Riziki yangu ni tarumbeta. Wikiendi napiga na bendi, katikati ya wiki niko studio au nafundisha mwanafunzi mmoja mmoja. Sasa idara ya elimu ya jiji ina mpango wa kupeleka wanamuziki kwenye shule za msingi za umma, na mimi nimeitwa. Wamenipa nichague. Njia ya kwanza ni kuzungukia shule sita: kila shule nakaa wiki chache, napiga, naeleza ala, watoto wanauliza maswali, nahamia nyingine. Njia ya pili ni kubaki shule moja mwaka mzima, siku mbili kwa wiki, nikiwa na darasa la nne na la tano. Darasa moja lina watoto hamsini na ushee. Ala zilizopo ni ngoma chache na kinanda cha umeme ambacho baadhi ya funguo hazitoi sauti.

Kuna jingine linaloninyima usingizi. Shule hiyo tayari ina mwalimu anayefundisha muziki pamoja na masomo mengine. Nilipokwenda kujitambulisha alinipokea kwa adabu, lakini nilimwona anajiuliza huyu amekuja kufanya nini kwenye kipindi changu. Sitaki kumvunjia heshima mtu aliyebeba somo hilo peke yake miaka yote.

Mkataba unalipa saa za darasani tu. Kazi yenyewe naitaka kwa moyo wote. Wengi wa watoto hawa hawajawahi kuona ala inapigwa mbele yao. Nichague njia ipi? Na darasa la watoto hamsini linashikwaje na mtu aliyezoea mwanafunzi mmoja?

Mwalimu_Solfa

Kaka, karibu. Nakujibu nikiwa upande wa yule mwalimu uliyemkuta, maana kazi yangu ndiyo hiyo: muziki na masomo mengine mawili, shule ya umma.

Chagua shule moja.

Wageni wenye ala nimewapokea mara nyingi, na nawaheshimu. Watoto hushangilia, siku hiyo hakuna anayesinzia. Mgeni akiondoka, ala inaondoka naye. Wiki inayofuata ni mimi ninayeulizwa tarumbeta iko wapi, na mimi nina chaki na sauti yangu. Kuna mgeni aliyewahi kuniambia mbele ya darasa kwamba wimbo niliowafundisha uko kwenye ufunguo usiofaa, yaani umeanzishwa juu au chini mno kwa sauti za watoto. Alikuwa sahihi. Lakini kuanzia siku hiyo watoto walikuwa wanamtazama yeye kila nilipoanzisha wimbo, na alipoondoka hawakuwa na wa kumtazama.

Kwa hiyo nenda kwake kabla ya kwenda darasani. Muulize watoto wanaimba nini tayari, nani anaongoza vizuri, nani hasikii vizuri sikio moja, nani akikalishwa karibu na nani darasa linavurugika. Hayo hutayapata kwenye mafunzo yoyote ya idara. Mwombe abaki darasani kipindi chote, na awe na kazi yake humo: yeye anashika upande mmoja wa darasa, wewe mwingine. Mkuu wa shule akitaka kumpangia kazi nyingine kwa kuwa "mgeni yupo", kataa kwa upole. Mwaka ukiisha wewe utaondoka. Atakayeendeleza ni yeye, na ataendeleza kile tu alichokishiriki.

BesiNzito

Nampa heshima dada hapo juu, ila napingana naye kidogo kuhusu ziara. Mimi napiga besi kwa sababu nikiwa mtoto alikuja mtu shuleni kwetu na besi kubwa ya kusimama, akatuita tuweke viganja kwenye mbao huku akipiga. Ilikuwa kipindi kimoja tu. Mlio ule niliusikia mwilini kabla ya kuusikia masikioni, na nikajua ninachotaka.

Leonard Bernstein, mtunzi na kiongozi wa okestra, na okestra ya New York Philharmonic waliendesha matamasha ya vijana kuanzia 1958 hadi 1972, yakirushwa na televisheni. Alikuwa anachukua swali moja, kwa mfano melodi ni nini, au muziki una maana gani, anaeleza na okestra inapiga palepale. Huwezi kuniambia kazi ile haikuwa na faida kwa sababu hakukaa darasani na watoto wale.

Ninachokubaliana nacho ni kwamba ziara haina maana isipokuwa na kilichotangulia na kitakachofuata. Ukichagua njia ya kwanza, basi idara ikubali walimu wapate wimbo mmoja wiki kadhaa kabla hujafika, watoto waufahamu, na ukifika upige huohuo pamoja nao. Wakikataa sharti hilo, chagua ya pili.

Mzee_wa_Kwaya

Wanangu, nimesoma. Niongee juu ya darasa la hamsini, maana hilo ndilo litakalokushinda usipojiandaa.

Wiki za mwanzo acha ala kabatini. Watoto hamsini tayari wana ala hamsini, ni sauti zao. Anza na mapigo miguuni: darasa zima linatembea papo hapo kwa mwendo mmoja, ndipo juu yake unaweka viganja, kisha sauti. Mtoto asiyeshika mapigo kwa mguu hatayashika kwa ngoma, utapata kelele tu. Ukiwa na mapigo imara, ligawe darasa mara mbili: upande huu unaitikia, upande ule unashika sauti moja ndefu chini yake. Hapo tayari una sauti mbili, na watoto wenyewe watashtuka kwamba wao ndio waliotoa hicho.

Angalia ufunguo. Wanaume wengi huanzisha wimbo pale palipo rahisi kwao, watoto wanafuata chini hadi wananguruma. Watoto wa umri huo hukaa vizuri kati ya D iliyo juu kidogo ya C ya katikati na D ya juu yake. Halafu sauti yako ya kiume iko oktavu moja (noti nane) chini yao, na baadhi watahangaika kuifuata. Mteue mtoto mwenye sauti safi awe mwanzilishi, au mwombe mwalimu mwenzako kama ni mwanamke.

Tumia solfa. Hii do-re-mi ya kusogea, ambayo do huwekwa kwenye noti yoyote mnayotaka, tunayoijua kwenye kwaya, ilianzia kwa mwalimu wa Uingereza, Sarah Glover wa Norwich, kisha katika karne ya 19 mchungaji John Curwen akaiendeleza, akaongeza ishara za mikono, wamisionari wakaisambaza duniani. Wahungaria waliichukua wakaifanya msingi wa shule zao: mwaka 1950 ilifunguliwa Kecskemét, mji aliozaliwa mtunzi na mwalimu wa muziki Zoltán Kodály, shule ya msingi ambayo watoto wanaimba kila siku. Ishara za mikono zinafaa sana kwa darasa kubwa. Unanyoosha mkono, watoto hamsini wanaimba unachoonyesha, na hujapaza sauti hata kidogo.

Kwako wewe wa tarumbeta kuna faida ya ziada. Ala yako ya kawaida ni ya B-flati: C unayoisoma wewe, kwenye kinanda ni B-flati. Ukianza kuwatajia watoto majina ya noti huku mwalimu mwenzako yuko kwenye kinanda, mtagombana bure. Do ni do popote mtakapokubaliana kuiweka.

Mpuliza_Tarumbeta

Shikamoo mzee. Hili la oktavu sikuwahi kulifikiria. Wanafunzi wangu wa nyumbani ni watu wazima karibu wote.

Dada Mwalimu_Solfa, nimekuelewa, na lile la mgeni kusahihisha mbele ya darasa nimelichukua. Naelekea kwenye shule moja. Ila mratibu wa mpango anasema nikibaki sehemu moja "nichuje wenye vipaji" mapema ili mwisho wa mwaka kuwe na kikundi cha kuonyesha. Hapo roho yangu inasita.

Kumbukumbu_za_Noti

Roho yako inasita mahali sahihi. Nikupe mfano wa mtu aliyekuwa na mwajiri kama wako. Mwaka 1723 mtunzi Johann Sebastian Bach alichukuliwa na baraza la jiji la Leipzig, Ujerumani, kuwa kiongozi wa muziki katika shule ya Mtakatifu Thomas, akabaki hapo hadi kifo chake mwaka 1750. Kazi ilimtaka afundishe na Kilatini; akamlipa mwalimu mwenzake amshikie vipindi hivyo. Mwezi Agosti 1730 aliliandikia baraza maelezo marefu kuhusu hali ya muziki, na ndani yake akawapanga wanafunzi: 17 wanafaa, 20 bado hawajafikia, 17 hawafai.

Watu huutumia waraka ule kuhalalisha kuchuja. Mimi nausoma tofauti. Bach alikuwa na makanisa ya kuyatolea muziki kila Jumapili, kwa hiyo alihitaji waimbaji tayari. Kwenye waraka huohuo analalamika kwamba shule inapokea wavulana wasio na uwezo wa muziki, na kwamba posho walizokuwa wakipata wanafunzi wa chuo waliosaidia kupiga zimeondolewa. Aliliambia baraza wazi kwamba kazi linayoitaka haiendani na linachokitoa. Wewe huna Jumapili ya kuitolea muziki. Una darasa, na wale 17 wa mwisho nao ni wa darasa. Mwambie mratibu hivyo kwa maandishi mapema, kabla hajaahidi maonyesho kwa wakubwa zake.

Fidla_na_Chaki

Niguse pesa, maana wenzangu wameikwepa. Saa moja darasani ina maandalizi yake, ina kikao na mwalimu, ina kusafisha na kupanga vifaa. Omba saa za maandalizi ziandikwe kwenye mkataba, na kikao cha kila wiki na mwalimu mwenzako kilipwe kama kipindi. Muhimu zaidi, naye apewe muda huo kwenye ratiba yake.

Watakwambia kazi ya watoto ni ya kujitolea. Ni kweli historia ina watu waliojitolea. Lowell Mason, mwalimu wa muziki wa Marekani, alifundisha kuimba bure kwenye shule moja ya umma huko Boston kuanzia 1837, kuonyesha kwamba inawezekana. Lakini lengo lake lilikuwa jiji likubali, na mwaka 1838 kamati ya shule ilikubali, muziki ukawa somo na wenye kulifundisha wakalipwa. Kujitolea kulikuwa njia ya kufika kwenye ajira. Kwako idara tayari imekubali, sasa ilipe kazi yote.

Mawili ya haraka. Usibaki peke yako na mtoto kwenye chumba kilichofungwa, hata kwa mazoezi ya dakika chache. Mlango wazi, mwalimu mwingine karibu. Na masikio yako yalinde. Taasisi ya afya kazini ya Marekani, NIOSH, inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda salama unapungua nusu. Ngoma kwenye chumba cha kuta za saruji zinapita hapo upesi sana. Zipigwe nje, na ndani viganja.

Mpuliza_Tarumbeta

Nashukuru sana. Swali la mwisho. Watoto watataka kupuliza tarumbeta, hilo halikwepeki. Niwaruhusu?

BesiNzito

Waruhusu, kwa utaratibu. Sehemu ya kupulizia haipiti mdomo hadi mdomo. Uwe na kadhaa, zioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kila baada ya mtoto mmoja. Kwanza wote wajifunze kutetemesha midomo bila ala, hapo darasa zima linafanya kwa pamoja. Mtoto ambaye meno ya mbele ya utu uzima hayajatoka sawasawa asilazimishwe.

Kikundi kidogo kinaweza kuja baadaye, baada ya vipindi, mlango wazi kwa anayetaka kuja kila wiki. Walter Dyett alikuwa mwanamuziki na kiongozi wa bendi, akafundisha miaka mingi kwenye shule ya umma ya DuSable jijini Chicago. Mikononi mwake walipita wanamuziki waliokuja kuwa maarufu: Nat King Cole, Dinah Washington, Gene Ammons na Johnny Griffin. Na wapo wengi ambao majina yao hatuyajui, waliopita kwenye bendi zile wakaenda kufanya kazi nyingine wakiwa wanajua kusikiliza. Alikaa mahali pamoja miaka na miaka, hilo ndilo ninaloliona kubwa.

Mwalimu_Solfa

Kaka, kabla hujasaini, angalia ratiba. Wakikuwekea kipindi kinachogongana na masomo ya marudio ya mtihani, darasa la tano litakuwa linapungua kila wiki na hutaambiwa sababu. Pia iandikwe kwamba ala zitakazonunuliwa kwa mpango huu ni mali ya shule na zinabaki kwenye stoo ya shule.

Mpuliza_Tarumbeta

Nimeamua, ni shule moja. Mkataba naurudisha nikiomba saa za maandalizi, kikao cha kila wiki na sharti la ala kubaki shuleni. Kwa mratibu nitaandika kwamba mwisho wa mwaka wataimba wote, darasa zima. Wiki hii nakwenda kumwona mwalimu mwenzangu nikamwombe aniimbie nyimbo ambazo watoto wanazijua, nizirekodi.

Mzee_wa_Kwaya

Ukishazirekodi, ziandike kwa solfa uziweke hapa, na juu ya kila moja utaje do ameiweka wapi yeye. Nitaziangalia kama zinahitaji kupandishwa. Kama zinahitaji, mweleze mkiwa wawili, na yeye ndiye awaanzishie watoto kwenye ufunguo mpya.