Tupeane uzoefu: pedali zinazonasa kiatu kwenye barabara zetu za milimani

Wakuu, wenye baiskeli za mbio Mbeya, Iringa na Njombe, tuelezane mlivyozizoea pedali hizi. Naanza mimi, nipo Uyole. Nilijifunzia nyumbani, nimeshika ukuta: nachomeka ncha ya kiatu, nakandamiza mpaka isikike "ta!", halafu nazungusha kisigino kwenda nje kujitoa. Mguu mmoja mpaka ukazoea, ndipo wa pili. Springi ya pedali inayobana kiatu niliilegeza kabisa kwa spana ya L ya milimita 3. Mguu hauvutwi juu, ukivuta, hautoki.

Ila la muhimu zaidi ni mguu upi utoke kwanza. Huku tunaendesha kushoto, malori ya Tunduma yanatupita kulia. Toa wa kushoto, lalia kushoto. Hata ukianguka, uangukie majanini.

IRINGA: Hapo umenena, mkuu. Mimi napanda kutoka Ipogolo kuja mjini. Kwenye mlima ukiacha kukanyaga tu, baiskeli imesimama na mguu bado umo. Kwa hiyo nikiona lori mbele linasuasua au bajaji inachomoza, natoa mguu mwendo ukiwa bado upo. Hata kama baadaye njia itafunguka, sijapoteza kitu.

MBEYA MJINI: Dada yenu napita njia ya Chunya. Kawetire kuna siku unashuka na kutembea, hivyo angalieni kliti mnazonunua, yaani vile vipande vya chini ya soli vinavyonaswa na pedali. Zile kubwa za plastiki za skrubu tatu ziliisha haraka kwa kokoto. Nikahamia ndogo za chuma, skrubu mbili, zinazozama ndani ya soli. Wanaosema si za baiskeli ya mbio waje watembee huku.

IRINGA: Dada, na magoti je? Langu lilikuwa linauma.

MBEYA MJINI: Pole kaka. Tazama rangi ya kliti. Kama ni za kampuni ya Shimano za skrubu tatu, nyekundu hazichezi kabisa, za njano zinaruhusu kisigino kucheza nyuzi 6, goti lisibanwe. Anayeanza achukue njano.

NJOMBE: Masika huku tope jekundu linajaa kwenye kliti, kiatu kinagoma kuingia. Natembea na kijiti mfukoni. Nikikanyaga chini tu, nakwangua kiatu na pedali yenyewe kabla ya kupanda, maana tope likigandia kwenye springi hata kutoka kunakuwa kugumu.