Kuhamisha Windows na programu kwenda SSD: kukloni au kupiga upya?

Pweza_Mwekundu
Wakuu habari zenu. Laptopu yangu ina hadi diski ya TB 1, na nikiiwasha nangoja dakika nne nzima kabla sijagusa kazi. Nimepata SSD (diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka) ya aina ya NVMe, ya GB 500, na nafasi ya M.2 ya kuichomeka ndani ya mashine iko tupu. Diski ya zamani imejaa GB 310. Naona njia tatu: kukloni diski nzima (kuinakili yote kama ilivyo), kupiga Windows upya, yaani kuisakinisha kutoka mwanzo, kisha nirudishe programu moja moja, au kutengeneza imeji (nakala ya diski nzima) kwenye diski ya nje halafu niishushe kwenye SSD. Kinachonikwamisha ni programu moja ya hesabu, faili lake la kusakinishia nimelipoteza siku nyingi. Mngekuwa nyinyi mngefanyaje?

KobeMzee
Kloni mkuu, usijitese. Wapo wanaodhani ukinakili folda ya Program Files ukaibandika kwenye diski mpya mambo yamekwisha. Haiendi hivyo. Programu ikisakinishwa hutawanya vitu vyake kila mahali: kwenye rejista (hazina ya mipangilio ya Windows), folda za AppData na ProgramData, na huduma zinazoamka pamoja na Windows. Kloni inavibeba vyote kwa mkupuo.

Clonezilla, programu ya kukloni, ni ya bure, ila kwa kawaida inagoma diski mpya ikiwa ndogo kuliko ya zamani, hata kama data yenyewe inaenea. Kwa hiyo punguza C mpaka GB 400 hivi, na ile partisheni (sehemu ya diski) ndogo ya ukarabati iliyokaa mwishoni isogeze ije karibu na C. GParted, programu ya kugawa diski, inafanya yote mawili. Kabla ya hapo zima haibanesheni (Windows kulala badala ya kuzimika kabisa) kwa `powercfg /h off`, la sivyo GParted itaikuta NTFS, mpangilio wa mafaili wa Windows, haikufungwa vizuri na itakataa kuigusa.

Ukimaliza, chomoa diski ya zamani kabla hujawasha mara ya kwanza. Diski mbili zenye kitambulisho kimoja zikikutana, Windows huizima moja. Halafu kuna aibu nyingine: mimi niliwahi kuisifia SSD siku mbili nzima kumbe mashine bado inawaka kutoka hadi diski.

Zuhura_T
Napinga. Hiyo Windows ina umri gani? Kama imekaa miaka sita, unahama nyumba na kunguni wako.

Leseni isikutishe. Leseni ya kidijitali inatambua mashine, hasa mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), wala haiitazami diski. Ukipiga toleo lilelile, Home kwa Home au Pro kwa Pro, ikipata intaneti inajiamilisha yenyewe. Programu za kawaida unaziorodhesha kwa amri ya `winget export` kwenye Windows ya zamani, kisha `winget import` kwenye mpya inazivuta zile inazozijua. Hiyo ya hesabu waombe walioitengeneza wakupe faili la kusakinishia.

Tena angalia hadi diski imegawanywa vipi. Ikiwa ni MBR, mgawanyo wa kizamani, kloni yake itakuwa MBR vilevile, na ili Windows iwake kutoka NVMe unahitaji UEFI (njia mpya ya kuwasha mashine) pamoja na GPT, mgawanyo mpya. Utaishia kukodolea macho skrini nyeusi.

KobeMzee
Dada Zuhura, MBR si hoja. Tangu Windows 10 toleo la 1703 kuna `mbr2gpt`, inageuza bila kufuta data. Unaanza na `/validate` ikuambie kama inawezekana, maana haikubali partisheni kuu zaidi ya tatu, ndipo unaweka `/convert`. Kisha ndani ya bayosi, mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, unahamia UEFI. Ya kunguni nakubali.

Usiku_Mrefu
Hakuna aliyetaja BitLocker, ile ya Windows inayofunga data ya diski kwa ufunguo. Niliwahi kukloni mashine ambayo usimbaji umewashwa bila mimi kujua. Nimefunga SSD, nimekaza skrubu, nawasha, naombwa ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo nilikuwa nao. Ulikuwa kwenye faili la maandishi, ndani ya diski hiyohiyo iliyofungwa. Mkuu, hakikisha imezimwa kabisa, na kama imewashwa ufunguo uuandike kwenye karatasi.

Fundi_Kimya
Hadi diski yenyewe ni nzima? Pakua CrystalDiskInfo, inayopima afya ya diski, tuletee mstari wa 05 (sekta mbovu zilizokwisha badilishwa) na wa C5 (zinazosubiri uamuzi); sekta ni vipande vidogo vya diski.

Pweza_Mwekundu
BitLocker imezimwa, na mgawanyo ni GPT. Nimefungua hiyo programu, alama imekuwa ya njano. 05 ni sifuri tupu. C5 mwishoni imeandika 18. Na kuna kamlio ka kugonga-gonga, nilidhani ni feni.

Fundi_Kimya
Hiyo 18 imeandikwa kwa heksadesimali, hesabu ya msingi wa 16. Ni sekta 24 ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaamua izifanye nini. Acha yote uliyoambiwa juu. Usipige chkdsk (amri ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski), usipunguze partisheni, usikloni. Nakili data ya hesabu sasa hivi, kisha nyaraka, kisha picha. Programu baadaye.

KobeMzee
Nafuta ushauri wangu. Kupunguza partisheni kunaweza kuhamisha mabilioni ya baiti ndani ya diski inayokata roho, na zana nyingi za kukloni zikikuta sekta mbovu ama husimama, ama hung'ang'ania hapohapo na kuichosha zaidi.

Ukishaokoa mafaili, tumia ddrescue, zana ya kunakili diski mbovu. Washa mashine kwa flashi ya Linux, chomeka diski ya nje tupu ya TB 1 au zaidi:

`sudo ddrescue -d -f /dev/sdX /dev/sdY ramani.map`

Ya kwanza ni ya zamani, ya pili ni ya nje. Ukizigeuza umefuta kila kitu, kwa hiyo piga `lsblk` usome mara mbili. Ramani, faili linaloandika kilichokwisha somwa, iweke kwenye flashi nyingine. ddrescue huchota kwanza sehemu nyepesi, ndipo inarudi kwenye korofi, na umeme ukikatika ramani inaiambia iendelee wapi. Mambo ya chkdsk na GParted utayafanya kwenye nakala. Hiyo hata ikiharibika, unaitengeneza tena.

Zuhura_T
Bado nasema upya ni bora, na sasa nina sababu kubwa zaidi: hujui hayo matundu, sekta zisizosomeka, yako kwenye faili gani. Lakini kama programu ya hesabu haipatikani kwa njia nyingine, kloni, kisha piga `sfc /scannow`, ikague mafaili ya Windows, mara tu Windows ikiwaka.

Pweza_Mwekundu
Nimerudi wakuu. Data ya hesabu iko salama sehemu mbili. ddrescue imekesha mpaka asubuhi, kilichobaki bila kusomeka ni baiti 12,288, ndizo zilezile sekta 24. Nimepiga chkdsk kwenye nakala, nikapunguza C, nikakloni kwenda SSD. Imewaka mara ya kwanza. sfc imekuta faili mbovu na kuzirekebisha. Kumbe njia yangu ya tatu ambayo hamkuijadili ndiyo tuliyoifuata, kwa mlango wa nyuma.

Shida moja: programu ya hesabu inafunguka lakini inasema leseni si halali kwenye kompyuta hii. Nimekloni, kwa nini inanikana?

Fundi_Kimya
Zipo programu zinazosoma namba ya kiwandani ya diski. Kloni inabeba namba ya partisheni, ya kiwandani haibebeki.

Zuhura_T
Waandikie, waeleze umebadilisha diski, omba msimbo mpya. Na ukiwa hapohapo waombe faili la kusakinishia.

Pweza_Mwekundu
Wamenijibu leo, msimbo umekubali. Faili nimelipata pia, nimelihifadhi. Sasa hii hadi diski naweza kuifomati nitupie sinema?

Fundi_Kimya
Hapana. Iache kabatini kama ilivyo mpaka ufunge hesabu za mwezi huu. Na sinema zako usimwekee mgonjwa.

Usiku_Mrefu
Kuna faili la maandishi humo ndani lenye nywila? Nauliza tu.